Kamera ya inchi 4×5 ya kujitengenezea, iwe chini ya kilo moja pamoja na lenzi: inawezekana?

Kiwambo45

Habari za kazi wakuu. Nataka kutengeneza kamera ya filamu ya shiti (ya kipande kimoja kimoja, si ya mkanda), inchi 4 kwa 5, ya kubeba mgongoni kwenye njia za Usambara na pia kupigia majengo marefu ya Mji Mkongwe, ambako vichochoro havikuruhusu kurudi nyuma. Lenzi ninayo: 150 mm f/5.6 kwenye shata (kifungua mwanga) ya Copal 0. Holda, yaani vibebeo bapa vya filamu, ninazo mbili za plastiki, zile za kawaida za filamu mbili mbili. Vifaa vya useremala vipo: msumeno wa kusokota, drili ya mkono, venia ya kupimia milimita, msasa wa kila namba.

Ninachoomba kusaidiwa:

1. Nitumie nini ili uzito, pamoja na lenzi, usizidi kilo moja? Nimefikiria plaiwudi, alumini, hata ule ubao wa povu wa mabango.
2. Kioo cha kufokasia, kile cha kutazamia picha kabla ya kuweka filamu, nakisawazishaje na mahali filamu inapokaa?
3. Mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, nautengeneza mwenyewe au niachane nao, nitumie boksi la kuteleza ndani ya boksi?

FundiMvule

Mkuu, inawezekana, na gramu utabaki nazo. Kwa kulinganisha, kamera ya Intrepid ya Uingereza, ambayo nayo ni ya plaiwudi, ina karibu kilo 1.2 bila lenzi, lakini ile inakunjwa na lenzi inainama na kugeuka pande zote. Wewe unahitaji mambo mawili tu: kufokasi, na kupandisha lenzi kwa ajili ya majengo. Mengine yote yaache. Kila kiungo kinachogeuka kinataka bolti, washa, nati ya kipepeo na mbao nene ya kuvishikilia, na hapo ndipo uzito unapoingia.

Ubao wa povu usiufikirie kwa Pwani. Karatasi yake ya juu inavuta unyevu, ubao unapinda, na hakuna mahali pa kuuma skrubu. Mbao nzima ya mvule ni nzuri kwa macho ila inavimba na kusinyaa kukata nyuzi zake. Fremu ya nyuma ikibadilika nusu milimita, holda inakwama au inacheza. Tumia plaiwudi ya 4 mm. Plaiwudi nyingi za madukani zina mapengo katikati ya tabaka, na mwanga unapita humo ukitokea ubavuni. Ukishakata kila kipande kichungulie kingo, jaza mapengo kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno, kisha piga msasa.

Reli: bomba mraba la alumini 20×20 mm lenye ukuta wa 1.5 mm, urefu 300 mm. Hilo lina gramu 90. Nondo mraba ya alumini ya kipimo hichohicho, isiyo na uwazi ndani, ingekuwa na gramu 324, na ugumu unaouongeza hauuhitaji kwa lenzi ya robo kilo. Kwa kuwa bomba ni mraba, lenzi haiwezi kuzunguka, kwa hiyo reli moja inatosha.

Kigari cha mbele, kile kinachobeba lenzi na kuteleza kwenye reli, ni kipande cha bomba 25×25 mm, ukuta 2 mm, urefu 50 mm. Ndani yake kuna uwazi wa 21 mm, yaani kinacheza milimita moja juu ya reli. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza bolti moja kwa moja kwenye alumini, reli inabonyea, na fokasi inaruka kila ukikaza. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda. Unene wake ni 0.76 mm. Kata vipande viwili vya 50×20, kimoja kikae ndani upande wa juu, kingine ubavuni. Sasa uchezaji umebaki kama robo milimita na plastiki inateleza vizuri bila grisi. Bolti ya M5 yenye kichwa cha kipepeo iingie kwa ubavuni na ibane ile kadi, si reli. Kadi inashika sawasawa na reli haipati alama. Gundi usiipake upande mzima. Tone mbili za epoksi kwenye ncha za kadi zinatosha, ili uweze kuibadilisha ikichakaa.

Mbele: kata kibao cha 120×120 mm na lenzi ikae humo moja kwa moja, bila kibao cha kubadilisha. Kibao hicho kiteleze juu na chini kati ya nguzo mbili zenye mifuo ya urefu wa 30 mm. Kwa lenzi ya 150 mm ambayo duara lake la picha (eneo ambalo lenzi inaliangaza) ni 210 mm tundu likifungwa hadi f/22, ukilaza filamu unaweza kupandisha karibu 38 mm kabla kona hazijawa nyeusi, na ukiisimamisha karibu 33 mm. Kwa hiyo mfuo wa 30 ni salama kwa namna zote mbili. Angalia tu karatasi ya lenzi yako kama duara ni hilo.

Tundu la Copal 0 linatakiwa liwe karibu 34.7 mm. Usihangaike: biti ya 35 mm ambayo mafundi wa makabati wanatobolea bawaba za kujificha inafaa kabisa, na ringi ya kukazia inafunika ile tofauti. Mambo mawili yatakusumbua. Nyuma ya shata kuna kipini kidogo cha kuizuia isizunguke. Kitobolee tundu la 3 mm au kifungue. Na plaiwudi ya 4 mm mara nyingi ni nene mno, ringi haifikii nyuzi. Punguza unene kwa nyuma kuzunguka tundu hadi ubaki 2.5 mm, upana wa kutosha ringi na kifunguo chake.

Kwa stendi, nati iwe ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Fundi akikwambia M6 ni sawasawa, kataa. M6 ina 6.0 mm na robo inchi ni 6.35, skrubu ya stendi haitaingia kwenye nati ya M6, na ukiilazimisha inakula nyuzi. Chomeka kipande cha mvule 17×17 ndani ya reli ili nati isibonyeze ukuta wa bomba, na iweke kama 80 mm kutoka nyuma, karibu na mahali uzito unapolingana.

Hesabu yangu bila lenzi: reli 90 g, vigari viwili 50, mbele yote 90, fremu ya nyuma 110, kioo na fremu yake 125, mvukuto 90, bolti na nati 60. Jumla ni kama 615 g. Ongeza lenzi ya 250 g na umefika 865. Holda usizihesabu humo. Kila moja ina karibu 160 g.

PimaMaraMbili

Nijibu la pili kwa kirefu, maana ndilo linaloamua kama una kamera au una sanduku zuri. Vipimo vingine vyote vya kamera hii vinaweza kukosea milimita mbili na usione tofauti. Hiki hakivumilii.

Kwa holda za inchi 4×5, kina kutoka uso wa holda hadi kwenye bamba linalobeba filamu ni inchi 0.197, yaani 5.0 mm. Filamu ina unene wa inchi 0.007. Kwa hiyo uso wa filamu upo inchi 0.190 ndani, sawa na 4.8 mm. Kioo chako lazima uso wake uliosagwa ukae 4.8 mm kutoka uso wa fremu unaogusa kamera, na uso huo uelekee lenzi. Ukigeuza kioo kinyumenyume, unakuwa umekosea kwa unene wote wa kioo.

Usiamini namba pekee, pima holda zako. Weka shiti moja ya filamu iliyoharibika ndani, chomoa kifuniko cha kuteleza, laza rula ya chuma juu ya uso wa holda, na shusha ule ulimi wa venia kutoka juu ya rula hadi uguse filamu bila kuibonyeza. Toa unene wa rula. Fanya hivyo kona zote nne na katikati, kwa holda zote, pande zote. Ukipata holda inayopishana na wenzake zaidi ya 0.2 mm, itenge.

Kwa nini hivyo? Kwenye f/5.6, ukikubali doa la ukungu la 0.1 mm kwenye filamu, nafasi ya kukosea ni 0.56 mm mbele au nyuma. Ukifunga hadi f/22 nafasi inakuwa 2.2 mm. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga kwa f/22 miaka miwili bila kujua kioo chake kiko vibaya. Lakini mlima wa mbali unakuumbua: kwa lenzi ya 150 mm, milimita moja tu ya kosa kuelekea mbele inaleta fokasi mita 22.5 badala ya upeo wa macho.

Kioo chenyewe kisage. Nunua kioo cha 2 mm kwa watengeneza fremu za picha, kikatwe 102×127 mm, na kipande cha pili kikubwa zaidi cha kusagia. Unga wa karborundumu namba 400, nusu kijiko cha chai, na maji kidogo. Kioo chako juu, kile kikubwa chini, zungusha kwa namba nane, geuza robo kila dakika chache, ongeza unga sauti ya kukwaruza ikififia. Dakika 20 hadi 30. Kingo zipitishe kwanza kwenye jiwe la kunolea lenye maji, la sivyo vipande vidogo vinameguka na kuchora mistari katikati ya kioo. Dawa ya kusagia vali ya maduka ya spea itafanya kazi, ila punje zake ni kubwa. Picha inaonekana yenye chembechembe ukitazama kwa lenzi ya kukuzia. Kata kona nne za kioo kama 8 mm, ili hewa ipite mvukuto unapofungwa na ili uchungulie kama kona za filamu zinapata mwanga. Kioo hicho kina 65 g. Plastiki ya akriliki ingekuwa nusu ya hapo, lakini inachubuka na inajikunja juani, kwa hiyo hizi gramu 30 zilipe.

Ukiweka bamba la Fresnel (plastiki bapa yenye mifuo ya duara) kung'arisha kona, likae upande wa jicho. Likikaa kati ya lenzi na kioo, fokasi inasogea kwa karibu theluthi ya unene wake, na vipimo vyote vya hapo juu vinavurugika.

Fremu ya kioo ibanwe na springi mbili. Utepe wa chuma wa kufungia mizigo, upana wa 13 hadi 16 mm, ukiukunja upinde kidogo unatosha. Raba za nywele nne nazo zinafanya kazi, ila zinachoka kwa joto na unatakiwa uzibadilishe. Usisahau mfuo wa kupokea ule ukingo ulioinuka wa holda, karibu na mwisho wa kifuniko. Ndio unaozuia mwanga na ndio unaoshika holda isitoke unapochomoa kifuniko. Mahali pake upime kwenye holda yenyewe.

Jaribio la mwisho: panga viberiti vitano mezani, kila kimoja sentimita mbili nyuma ya mwenzake na pembeni kidogo, cha tatu kikiwa mita moja kutoka kwenye lenzi. Fokasi kwenye cha tatu kwa f/5.6. Weka karatasi ya kusafishia picha badala ya filamu, ihesabu kama ISO 6. Juani 1/30 ya sekunde itakupa kitu cha kutazama. Kama kiberiti kilicho kikali ni cha nyuma, filamu iko karibu na lenzi kuliko kioo, hivyo punguza kitako cha kioo kwa msasa. Kama kikali ni cha mbele, ongeza karatasi chini ya kioo. Kwa umbali huo, kila sentimita ya kosa kule mezani ni 0.3 mm hapa nyuma. Karatasi ya ofisi ya gramu 80 ina unene wa 0.1 mm, kwa hiyo sentimita moja ni karatasi tatu.

NuruKivuli

Nami nijibu la mvukuto. Boksi ndani ya boksi ni rahisi, lakini kwa 150 mm unahitaji maboksi mawili ya urefu wa karibu sentimita kumi kila moja, na hayakunjwi. Mvukuto ni mwepesi kuliko hayo na ni kazi ya jioni mbili.

Kwanza hesabu urefu. Upeo wa macho unataka karibu 150 mm, mita moja inataka 176. Tengeneza unaofika 200. Mvukuto hautumiki hadi mwisho wa kitambaa. Hesabu robo tatu. Kwa hiyo vijiti 16 vya kadi vya kusimamisha mikunjo, kila kimoja upana wa 15 mm na pengo la 2 mm, jumla 272 mm. Nyuma upana wa nje uwe 156 mm na mbele 110 mm. Mikunjo inakula 15 mm kila upande, unabakiwa na uwazi wa 126 nyuma, ambao hauzuii picha ya 96×120, na 80 mbele kwa mkia wa lenzi.

Tabaka la nje: kitambaa cha mapazia ya kuzuia mwanga au cha mwavuli mweusi. La ndani: kitambaa chembamba cheusi kisichong'aa. Kila kimoja kata 660×320 mm. Usinunue kabla hujakifunika juu ya taa ya simu ndani ya chumba cha giza. Vitambaa vingi vyeusi vinavuja kama chekecheo.

Chora pande nne kama trapeza kwenye kitambaa cha ndani, paka gundi nyembamba, panga vijiti vya kadi ya faili. Ncha za vijiti zikatwe nyuzi 45 kwa kupokezana, kimoja kirefu kimoja kifupi, na pengo la 3 mm lipite konani. Upande wa juu ukiwa na mkunjo wa kutoka nje, upande wa ubavuni mahali hapohapo uwe na mkunjo wa kuingia ndani. Ukikosea hapo, kona hazikunjiki na kitambaa kinachanika. Funga tabaka la nje, unganisha mshono upande wa chini, kisha kunja kuanzia ncha pana, mkunjo mmoja mmoja kwa vidole, kabla gundi haijakauka kabisa. Ubane chini ya vitabu usiku kucha.

Gundi: ile ya raba ya mafundi viatu inashika upesi, lakini kamera nyeusi ikiachwa juani inalainika na vijiti vinahama. Kwa vijiti tumia gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo. Ya viatu iache kwa kugandishia mvukuto kwenye fremu, ambako utabana pia kwa vipande vya mbao.

Ndani ya fremu paka rangi ya ubao wa darasani. Ni nyeusi isiyong'aa na inapatikana kila mji.

Kiwambo45

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefika hatua ya majaribio. Uzito pamoja na lenzi ni 910 g. Viberiti vimekaa sawa baada ya karatasi mbili. Yamebaki mawili: kwenye f/5.6 upande wa kushoto wa picha ni laini na kulia ni kali. Na nikipandisha lenzi hadi juu, ardhi ya mbele kwenye picha inakuwa na giza lenye ukingo wa mviringo.

PimaMaraMbili

La kwanza: mbele na nyuma haviko sambamba. Kata vijiti viwili vya urefu uleule, viingie barabara kati ya kibao cha lenzi na fremu ya nyuma, kimoja kulia kimoja kushoto. Tofauti ya milimita moja kwa kila 100 mm za upana wa kibao inasogeza fokasi ya ukingo wa filamu kwa 0.6 mm, ambayo kwenye f/5.6 ndiyo hasa mpaka wa uvumilivu. Mara nyingi ni ile kadi ya ubavuni ndani ya kigari: kaza bolti ukiwa unatazama vijiti, utaona kigari kikigeuka. Hamisha bolti katikati ya urefu wa kigari au weka mbili.

NuruKivuli

La pili si duara la lenzi. Picha imepinduka: ardhi ya mbele iko juu ya filamu, kwa hiyo kinachoizuia ni paa la mvukuto lililolegea na kuning'inia. Lenzi ikiwa juu, paa hilo linaingia kwenye mwanga unaokwenda juu ya filamu. Shona kitanzi cha utepe juu ya mkunjo wa nane na ukifunge kwenye skrubu iliyo juu ya fremu ya nyuma. Kabla ya kupiga chungulia kupitia ile kona iliyokatwa ya kioo: ukiona tundu la lenzi lote kwenye f/22, umbo zima la duara, hakuna kinachoziba. Ukiona nusu duara, vuta utepe.

Na kabla hujapoteza filamu, ingiza balbu ndogo ya LED ndani ya mvukuto, zima taa za chumba, subiri dakika kumi macho yazoee giza, kisha utembeze taratibu ukitazama kila kona. Vitundu utavikuta kwenye kona za nyuma, mahali mikunjo inapokutana. Viguse kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji, tabaka mbili, na uukaushe mvukuto ukiwa umevutwa.

FundiMvule

910 ni kazi nzuri. Ukitaka kushuka zaidi, toboa nguzo za mbele kwa biti ya 20 na ufunge pembe za fremu kwa vipembe vya alumini vya 1 mm badala ya plaiwudi ya pili. Hapo utapata gramu 50 hadi 60. Ila reli usiiguse. Itikise kwa kidole kwenye kibao cha lenzi huku unatazama kioo, na ikitulia ndani ya sekunde moja, iache ilivyo.